Nani Husoma Kwanza? Alama Maalum katika Kutafuta Maandishi kwa Mstari wa Amri

Katika miji ya Arua na Koboko, iliyoko eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, maandishi ya kila siku ya biashara na ya ofisi yamejaa alama ambazo si herufi wala si tarakimu. Koboko iko karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, haiko mbali na mpaka wa Kongo; kwa hiyo orodha moja tu ya wateja inaweza kuwa na namba za simu zinazoanza kwa +256, +211 na +243, bei zilizoandikwa 2,500/= pamoja na nyingine zilizoandikwa $100, misimbo ya huduma za pesa kwa simu kama *165# ya MTN na *185# ya Airtel, na majina yanayoandikwa kwa ritifaa, kama vile Ma'di. Mtu anayesoma orodha hiyo kwa macho hapati taabu yoyote, kwa sababu anajua kila alama inasimama mahali pa nini. Kompyuta inayoendeshwa kwa mstari wa amri haiko hivyo, kwani karibu kila moja ya alama hizo imekwisha kupewa kazi nyingine ndani ya mashine, na kazi hiyo hutangulia ile aliyoikusudia mwandishi.

Matokeo yake ni kwamba mtu huweza kutafuta jambo ambalo analiona wazi katika faili, akaambiwa halipo, au akaletewa mistari mingi isiyohusika. Chanzo cha makosa hayo, kwa sehemu kubwa, ni kimoja: amri ya kutafuta husomwa na wasomaji wawili wanaofuatana kabla faili halijaguswa, kila msomaji akiwa na orodha yake ya alama maalum, na mtumiaji huandika kana kwamba msomaji ni mmoja. Anayejua nani husoma kwanza, na anasoma alama zipi, hahitaji kukariri kanuni nyingi.

Grep na kazi yake

Mstari wa amri ni njia ya kuitumia kompyuta kwa kuandika maagizo badala ya kubofya picha. Mtumiaji hufungua dirisha liitwalo terminali, huandika jina la programu pamoja na mambo anayotaka ifanye, kisha hubonyeza kitufe cha kuingiza, na jibu hutokea chini yake kwa maandishi. Miongoni mwa programu zinazotumiwa sana kwa njia hiyo ni grep, ambayo hupitia faili mstari kwa mstari na kutoa kila mstari ulio na kile kinachotafutwa. Iliandikwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani na kutolewa katika toleo la nne la mfumo wa Unix mwaka 1973, na jina lake lilitokana na agizo g/re/p la programu ya kuhariri iliyoitwa ed, lililomaanisha kutafuta umbo fulani la maandishi katika faili zima na kuchapisha mistari iliyopatikana. Leo grep huja pamoja na mifumo ya Linux na ya kompyuta za Mac, na mwenye simu ya Android anaweza kuipata kupitia programu ya Termux. Kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika na vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa kuhesabu shilingi, programu ya namna hii ina faida iliyo wazi, kwa kuwa haihitaji mtandao, huridhika na kompyuta kuukuu, na hupitia faili lenye mistari laki kadhaa kwa muda mfupi sana.

Sheli, msomaji wa kwanza

Amri haiendi moja kwa moja kwa grep. Hupokewa kwanza na sheli, yaani programu inayokaa kati ya mtumiaji na mfumo wa kompyuta, ambayo huisoma amri, huigawa katika vipande, hufasiri alama inazozijua, na ndipo huvikabidhi vipande hivyo kwa programu iliyotajwa. Sheli iliyoenea sana katika Linux ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989 kwa kufuata desturi za sheli ya Stephen Bourne, ambayo ilisambazwa pamoja na Unix mwaka 1979. Kwa sheli, nafasi kati ya maneno ni mpaka wa vipande. Nyota na alama ya kuuliza ni njia ya kutaja majina ya faili mengi kwa mkupuo. Alama ya dola hutangulia jina la kigeu, yaani mahali palipohifadhiwa thamani fulani. Alama ya reli inapoanza neno huifanya sheli ipuuze yote yanayofuata hadi mwisho wa mstari. Mstari wima hupeleka matokeo ya programu moja kwa programu nyingine. Na alama ya > huyaelekeza matokeo katika faili, ikiyafuta kwanza yaliyokuwamo. Hii ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu anayeiandika bila kuifunga anaweza kuyapoteza maandishi aliyokuwa akiyatafuta.

Ritifaa nayo ni mali ya sheli. Mtu anayetaka kuona mistari yenye jina Ma'di katika faili la wakazi huandika hivi:

grep Ma'di wakazi.txt

Amri hii haileti jibu wala haitoi taarifa ya kosa. Mstari unaofuata huonyesha alama ya > peke yake, na kompyuta hubaki ikisubiri, kwa sababu sheli imeichukua ritifaa kuwa mwanzo wa maneno yaliyofungwa ndani ya alama za kunukuu, na inangoja alama ya pili ya kuyafunga. Anayeandika zaidi humwongezea msomaji huyo maneno ndani ya nukuu isiyokwisha. Njia ya kutoka ni kubonyeza vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja. Hali ni ile ile kwa anayetafuta neno ng'ombe katika orodha ya mifugo, na kwa kuwa baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, maneno ya aina hiyo yatazidi kuingia katika kumbukumbu za ofisi.

Dawa ya msomaji wa kwanza ni kufunga kinachotafutwa ndani ya alama za kunukuu, ambazo ziko za aina mbili na zina nguvu tofauti. Alama moja moja huizuia sheli kufasiri chochote kilichomo ndani yake, lakini haziwezi kubeba ritifaa, kwa kuwa ritifaa ndiyo alama yenyewe ya kufungia. Alama mbili mbili hubeba ritifaa bila tatizo, lakini huiachia sheli nafasi ya kufasiri alama ya dola, mkwaju wa kinyume na alama nyingine chache. Kwa hiyo amri iliyo sahihi kwa jina lililotajwa ni hii:

grep "Ma'di" wakazi.txt

Upungufu wa alama mbili mbili huonekana pale mtu anapotafuta bei. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa kwa shilingi na kwa dola, akitaka kuona mauzo ya dola mia moja, anaweza kuandika amri ifuatayo akidhani amekwisha kuifunga alama yake:

grep "$100" mauzo.txt

Sheli huisoma dola pamoja na tarakimu moja inayofuata kuwa kigeu kiitwacho $1, ambacho katika matumizi ya kawaida ya terminali hakina thamani yoyote, na kwa hiyo hukiondoa na kukabidhi kilichobaki, yaani 00. Grep hutii na kuleta kila mstari wenye sifuri mbili zinazofuatana, na kwa kuwa bei za shilingi za Uganda huhesabiwa kwa maelfu, huo ni karibu kila mstari wa faili. Mtumiaji huletewa mauzo ya 2,000 na ya 15,000 na kudhani kwamba programu imeharibika, ilhali imefanya kile ilichoambiwa. Alama moja moja zingeizuia sheli kuigusa dola, na vilevile mkwaju wa kinyume ukiandikwa mbele ya dola ndani ya alama mbili mbili huipokonya umaalum wake. Pale ambapo ritifaa na dola zinatafutwa katika amri moja, huandikwa alama mbili mbili kwa ajili ya ritifaa na mkwaju wa kinyume kwa ajili ya dola, kama katika "Ma'di \$100".

Kuna jambo moja ambalo kufunga hakulisaidii, nalo ndilo linaloonyesha vizuri zaidi mpaka kati ya wasomaji hawa wawili. Karani anayeandika madeni kwa kistari mbele ya kiasi, akitaka kuona deni la shilingi elfu tano, anaweza kuandika:

grep "-5000" madeni.txt

Sheli huziondoa alama za kunukuu baada ya kuzifanyia kazi, kwa hiyo grep hupokea -5000 tupu. Na katika grep ya mradi wa GNU, inayotumiwa katika Linux, kistari kinachofuatwa na namba ni chaguo linaloagiza kuonyesha idadi hiyo ya mistari kabla na baada ya kila mstari uliopatikana. Jina madeni.txt huchukuliwa kuwa ndilo neno linalotafutwa, na kwa kuwa hakuna faili lililobaki, programu hungoja maandishi kutoka kwenye kibodi. Hapa sheli haina kosa. Aliyekifasiri kistari ni grep yenyewe. Dawa ni kuweka vistari viwili vilivyotengwa kwa nafasi mbele ya kinachotafutwa, ambavyo huiambia programu kwamba machaguo yamekwisha:

grep -- "-5000" madeni.txt

Grep, msomaji wa pili

Sheli ikishamaliza kazi yake, grep hupokea maandishi na kuyasoma kwa kanuni nyingine kabisa, kwani haiyachukui kuwa maneno ya kulinganishwa herufi kwa herufi bali kuwa ruwaza, yaani maelezo mafupi ya umbo la maandishi yanayotakiwa. Nadharia ya ruwaza hizi iliasisiwa na mwanahisabati wa Marekani Stephen Kleene katika miaka ya 1950, na Ken Thompson alichapisha mwaka 1968 njia ya kuitumia katika kompyuta, miaka mitano kabla ya grep. Katika ruwaza za kawaida za grep, nukta husimama mahali pa alama yoyote moja. Nyota husema kwamba kile kilichoitangulia kinaweza kurudiwa mara nyingi au kisiwepo kabisa. Alama ya ^ ikianza ruwaza hudai mwanzo wa mstari, na dola ikimalizia ruwaza hudai mwisho wake. Mabano ya mraba hubeba orodha ya alama ambazo yoyote kati yake inakubalika. Na mkwaju wa kinyume hubadilisha hadhi ya alama inayoufuata.

Uwezo huu una manufaa makubwa pale tahajia zinapotofautiana. Kwa mfano, mmisionari Joseph Pasquale Crazzolara alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu lugha ya wenyeji wa Arua akiiandika Logbara, na mwaka huo huo mwanaanthropolojia John Middleton alitoa kitabu kuhusu dini ya watu hao hao akiandika Lugbara. Mtafiti anayetaka tahajia zote mbili katika mkusanyo wa maandishi hahitaji kutafuta mara mbili, kwani ruwaza 'L[ou]gbara' huzileta kwa pamoja. Vivyo hivyo, anayetafuta tarehe ya uhuru wa Sudan Kusini kwa ruwaza '09.07.2011' atapata pia mahali ilipoandikwa 09/07/2011 na 09-07-2011, kwa sababu nukta hukubali mkwaju na kistari sawasawa na nukta. Lakini faida hiyo hugeuka hasara katika hesabu, ambako ruwaza '12.50' huleta 12.50, 12,50 na hata 12850.

Alama inayochanganya watu kuliko nyingine ni nyota, kwa kuwa wasomaji wote wawili wanaijua na kila mmoja anaifasiri kwa njia yake. Kwa sheli, Aru* ni majina yote ya faili yanayoanza kwa Aru. Kwa hiyo mtu akiiandika bila kuifunga, na katika folda yake mkawa na faili liitwalo Arua.txt, sheli huibadilisha ruwaza yake kuwa jina la faili hilo kabla grep haijaiona. Akiifunga, nyota hufika kwa grep ikiwa na maana kwamba herufi u inaweza kurudiwa au isiwepo, na matokeo yake ni kwamba ruwaza 'Aru*' huleta Arua ya Uganda na Aru ya Kongo, lakini pia Ariwara, mji wa soko ulioko upande wa Kongo, na Aringa, kwa sababu majina hayo mawili yana Ar isiyofuatwa na u yoyote. Aliyetaka Aru na Arua tu hakuhitaji nyota hata kidogo, kwani neno Aru peke yake limo ndani ya yote mawili. Na anayetaka Aru bila Arua huongeza chaguo la -w, linalodai neno zima.

Chaguo la -w nalo lina mpaka wake. Grep huhesabu kuwa sehemu ya neno herufi, tarakimu na kistari cha chini, na ritifaa ya kibodi haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo anayetafuta ng kama neno zima ataletewa ng'ombe, na anayetafuta di ataletewa Ma'di, kwa sababu programu huona mwisho wa neno pale ambapo mwandishi aliona sehemu ya herufi. Katika Kilugbara ritifaa huweza kuanza neno, kama katika 'ba, lenye maana ya watu, ikitofautisha b inayotamkwa kwa kubana koo na b ya kawaida; na anayetafuta ba kwa chaguo la -w hupata yote mawili bila kutenganishwa.

Ugumu mwingine ni kwamba grep ina lahaja mbili kuu za ruwaza, ile ya kawaida na ile iliyopanuliwa, ambayo huitwa kwa chaguo la -E. Katika lahaja iliyopanuliwa, alama ya kujumlisha, alama ya kuuliza, mstari wima, mabano ya duara na mabano ya mawimbi ni alama maalum. Katika lahaja ya kawaida zote hizo ni alama tupu. Namba za simu ndizo zinazoonyesha tofauti hii waziwazi. Katika faili ambalo namba zimeandikwa kwa mfumo wa simu:+256, amri ya kwanza kati ya hizi mbili huzipata na ya pili haizipati:

grep 'simu:+256' wateja.txt
grep -E 'simu:+256' wateja.txt

Katika ile ya pili, alama ya kujumlisha husema kwamba nukta mbili zinaweza kurudiwa mara moja au zaidi, kwa hiyo grep hutafuta simu:256 au simu::256 na kuipita namba yenye alama ya kujumlisha iliyo wazi. Mkwaju wa kinyume huongeza mkanganyiko, kwani \+ katika lahaja iliyopanuliwa ni alama tupu ya kujumlisha, ilhali katika lahaja ya kawaida ya GNU ni alama ya kurudia. Yaani kitendo kile kile hutoa matokeo yanayopingana. Njia salama kwa lahaja zote mbili ni kuiweka alama peke yake ndani ya mabano ya mraba, kama [+], [.], [$] au [*], kwa kuwa ndani ya mabano hayo alama hizi hupoteza umaalum wake. Alama ya ^ ndiyo isiyofuata njia hiyo, maana ikitangulia ndani ya mabano hugeuza orodha kuwa ya vitu visivyotakiwa.

Kumwondoa msomaji wa pili

Yote yaliyoelezwa kuhusu ruwaza yanamhusu mtu anayehitaji ruwaza. Wengi hawazihitaji, wanatafuta jina, bei, namba au msimbo kama ulivyoandikwa, na kwao chaguo la -F linatosha, kwa kuwa huiagiza grep iyachukue maandishi yote kuwa alama tupu. Chaguo hili lilianza kama programu ya pekee iliyoitwa fgrep, iliyoandikwa na Alfred Aho, na msingi wake ni njia ambayo Aho na Margaret Corasick waliichapisha mwaka 1975 ya kutafuta maneno mengi kwa kulipitia faili mara moja tu. Jina fgrep bado linapatikana katika kompyuta nyingi, lakini toleo la 3.8 la grep ya GNU, lililotoka Septemba 2022, lilianza kuwaonya watumiaji kwamba limepitwa na wakati na kwamba -F ndilo la kutumia. Msimbo wa nyota na reli, ambao ungeweza kuwasumbua wasomaji wote wawili, hutafutwa hivi:

grep -F -- '*165#' miamala.txt

Alama za kunukuu zimeizuia sheli, vistari viwili vimefunga mlango wa machaguo, na -F imeizuia grep kufasiri. Kilichobaki ni alama tano zinazolinganishwa na faili moja baada ya nyingine.

Anayetafuta majina mengi anaweza kumkwepa hata msomaji wa kwanza, kwa kuyaandika majina hayo katika faili lake, kila moja katika mstari wake, na kulitaja faili hilo kwa chaguo la -f. Kwa kuwa sheli haifungui faili hilo, ritifaa, dola na nyota zilizomo hufika kwa grep bila kuguswa. Mambo mawili huangaliwa hapo. La kwanza ni mstari mtupu, ambao hulingana na kila mstari wa faili linalotafutwa na hivyo huleta faili zima. La pili ni faili lililoandikwa katika Windows, ambalo mwisho wa kila mstari huwa na alama ya ziada isiyoonekana, na alama hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya jina, kiasi kwamba Koboko ya orodha hailingani tena na Koboko ya faili.

Ritifaa moja, alama nne

Hata wasomaji wote wawili wakishughulikiwa ipasavyo, utafutaji unaweza kushindwa kwa sababu iliyomo katika faili lenyewe. Kompyuta haihifadhi maumbo bali namba, na katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama ya maandishi ya dunia namba yake, ritifaa ina ndugu wanaofanana nayo kwa macho lakini walio na namba nyingine. Ritifaa ya kibodi ni U+0027. Alama ya kufungua nukuu ni U+2018. Alama ya kufunga nukuu ni U+2019. Na iko ya nne, U+02BC, ambayo Unicode imeiweka miongoni mwa herufi kwa ajili ya lugha zinazoihitaji kama sehemu ya tahajia. Programu nyingi za kuandikia barua hubadilisha ritifaa zenyewe bila kuulizwa: ikiwa katikati ya neno huifanya alama ya kufunga, na ikiwa mwanzoni mwa neno huifanya alama ya kufungua. Matokeo yake ni kwamba neno la Kilugbara 'ba, lililoandikwa katika programu ya namna hiyo, hupata U+2018, na Ma'di ya ukurasa huo huo hupata U+2019, ingawa mwandishi alibonyeza kitufe kimoja. Na grep inayotafuta U+0027 haioni hata moja kati yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi mstari wenye shaka unapopitishwa katika programu ya od, inayoonyesha baiti, yaani vipimo vidogo vya hifadhi, kwa namba:

grep -m 1 'ba' wakazi.txt | od -c

Ritifaa ya kibodi hutokea kama ilivyo, lakini alama ya kufungua nukuu hutokea kama baiti tatu, 342 200 230, na ile ya kufunga kama 342 200 231. Huo ni usimbaji wa UTF-8, ambao Ken Thompson, yule yule wa grep, aliubuni pamoja na Rob Pike mwezi Septemba 1992, na ambao leo umeenea katika karibu maandishi yote ya intaneti. Anayejua kwamba faili lake limechanganya ritifaa huzitaja zote ndani ya mabano ya mraba:

grep -E "Ma['‘’ʼ]?di" wakazi.txt

Alama ya kuuliza hapa huruhusu ritifaa isiwepo, kwa hiyo Madi isiyo na alama hupatikana pia. Amri hii hufanya kazi mradi kompyuta imewekwa katika lugha na usimbaji wa UTF-8; ikiwekwa katika hali ya zamani iitwayo C, huzihesabu baiti tatu kuwa alama tatu, na mabano hayafanyi kazi tena kama ilivyokusudiwa. Anayetaka kusawazisha faili mara moja hutumia sed, programu ya kubadilisha maandishi, na matokeo huyaelekeza katika faili jipya, kamwe si lile lile, kwa kuwa sheli hulifuta faili linaloelekezewa kabla sed haijalifungua:

sed "s/[‘’ʼ]/'/g" wakazi.txt > wakazi-sawa.txt

Katika sed mkwaju wa kawaida hutenganisha sehemu za agizo, kwa hiyo anayetaka kuondoa alama ya /= katika bei huchagua kitenganishi kingine na kuandika 's|/=||g'.

Majina ya Kifaransa kutoka upande wa Kongo huleta tatizo la aina hiyo hiyo, kwani herufi é inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, U+00E9, au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo U+0301 iliyo peke yake, na maumbo hayo mawili, yasiyotofautishwa na jicho, hayalingani kwa grep.

Kutoonekana na kutokuwepo

Mambo haya yana uzito wake katika eneo ambalo lugha moja huvuka mipaka mitatu. Wakakwa wanaishi Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na majina yao huandikwa na makarani waliosomea Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande mwingine. Kambi za Rhino na Imvepi zimepokea wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, na ile ya Lobule wilayani Koboko imewapokea wa Kongo. Radio Pacis ya Arua hutangaza kwa lugha kadhaa za eneo. Na Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoko Arua, hufundisha vijana masomo ya kompyuta. Popote ambapo orodha za majina, miswada ya matangazo au kumbukumbu za malipo hutafutwa kwa kompyuta, jibu tupu linaweza kusomwa kuwa mtu hakuandikishwa au malipo hayakufanyika, ilhali kilichotokea ni kwamba sheli imeichukua ritifaa, au grep imeirudia herufi, au faili lina U+2018 mahali pa U+0027.

Kwa sababu hiyo, jibu tupu linafaa kuchukuliwa kuwa swali ambalo halijamalizika kuulizwa. Mtafutaji hukagua kwanza kama sheli imezuiwa kwa alama za kunukuu zinazofaa. Kisha hutumia -F na vistari viwili ili grep isifasiri chochote. Kisha hutafuta sehemu ya neno isiyo na alama yoyote, kwa mfano Ma au Aru, na kuangalia kwa od kilichoandikwa hasa katika mistari inayopatikana. Ni baada ya hatua hizo tatu kushindwa ndipo karani anapoweza kumwambia mtu aliyesimama mbele ya meza yake kwamba jina lake halimo.